Bwawa la koi, Bigwa: kuhamishia pampu nje

Jumamosi, 7 Juni

Leo alfajiri, saa kumi na moja na nusu, nimewakuta koi wangu wote tisa, wale samaki wa rangi wa kufuga bwawani, juu ya maji, midomo wazi. Yule mweupe mwenye doa jekundu la mviringo kichwani, Wajapani humwita tancho, alikuwa amejibana kwenye kona karibu na bomba, matamvua yanafunguka na kufunga haraka haraka. Pampu ndogo ya kuzamisha ilikuwa inanguruma kule chini lakini juu hakuna maji yanayotoka. Nimekunja sketi, nimeingia. Sponji yake imejaa tope la kijani hadi ukiikamua inatoka uji mzito. Ni mara ya tatu wiki hii.

Nimechota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu karibu nusu saa, hadi jua lilipopanda wakaanza kushuka mmoja mmoja. Alfajiri ndiyo saa mbaya kwa bwawa lenye mwani. Mchana mwani unatoa oksijeni, usiku unaivuta pamoja na samaki, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo inapokuwa imebaki kidogo kabisa. Na hapa Morogoro maji yana joto. Maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5 tu. Akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo.

Bwawa ni la zege, mita 4 kwa 2.5, kina mita 1.2. Nusu ya kina iko ardhini, nusu imeinuka juu ya uwanja. Hesabu inatoa lita 12,000. Pampu iliyopo, kwa maandishi ya boksi lake, inasukuma lita 3,000 kwa saa ikiwa safi, yaani maji yote yanapita mara moja kila saa nne. Wafugaji wa koi wanataka yapite kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili.

Nimeamua. Pampu inatoka nje ya maji, na uchafu utachujwa kabla ya kufika kwenye pampu. Baba watoto ameniuliza itachukua muda gani, nikamwambia wiki mbili. Naandika hapa ili nisisahau nilichofanya na kwa nini.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi bomba amekuja asubuhi na pampu mkononi, ile ndogo ya nusu farasi ambayo karibu kila nyumba yenye tanki la juu inayo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, fundi. Karibu."

"Hii inatosha kabisa. Inapandisha maji mpaka ghorofa ya tatu."

"Ghorofa sina, fundi. Maji yangu yanapanda shubiri moja, basi. Ninachotaka yawe mengi."

Tumekaa barazani tukasoma kibati chake pamoja. Kimeandikwa Q 5–40 l/min na H 40–5 m. Q ni wingi wa maji, H ni urefu wa kuyapandisha, na vinakwenda kinyume: ukitaka kupandisha mita 40 unapata lita 5 kwa dakika, ukipandisha mita 5 unapata lita 40. Lita 40 kwa dakika ni 2,400 kwa saa. Hata nikiikimbiza kwa nguvu zake zote haifiki nusu ya ninachohitaji, na ndani yake gurudumu linazunguka kwa nafasi finyu mno, kiasi kwamba mchanga kidogo tu unalikwaruza. Halafu inakula umeme zaidi ya wati 500. Usiku na mchana, hiyo ni uniti 12 kwa siku. Kwangu uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, inatoka kama shilingi 350 na ushee. Sitaweza.

Ni pampu nzuri kwa kazi yake. Kazi yake si hii.

Niliyoagiza kutoka Kariakoo imefika jana kwa basi. Ni pampu ya bwawa inayoweza kufungwa kavu, wati 180, lita 10,000 kwa saa ikiwa haipandishi kitu, na mwisho wa nguvu zake ni mita 5. Kwa siku ni uniti 4.3, kwa mwezi kama 130, yaani shilingi 46,000 hivi. Nimeukubali mzigo huo. Ina sharti moja ambalo fundi na mimi tumelizungumza sana: haijui kuvuta maji kutoka chini. Lazima ikae chini ya usawa wa maji, maji yaifuate yenyewe. Hiyo kwangu ni faida. Umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa kumi, pampu itakuta maji yako tayari kooni mwake, itaanza bila mtu kuamka kuijaza. Pampu inayolazimika kuvuta maji, ikipoteza maji yake inazunguka kavu mpaka sili, kizuio chake cha maji, inaungua, na wewe umelala.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ndefu. Samaki tumewahamishia kwenye tanki la lita 2,000 lililojazwa tangu juzi ili klorini ya maji ya bomba ipungue, na kimashine kidogo cha hewa. Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye aliyewabeba. Nimemfundisha kutowanyanyua kwa wavu: wavu ni wa kuwaelekeza tu, kisha beseni linapita chini ya tumbo, samaki anatoka pamoja na maji yake. Nilipopitisha kiganja ubavuni mwa tancho, ute wake ulikuwa mwingi kuliko kawaida, umeshikana kama bamia. Hiyo ni dalili ya samaki aliyesumbuliwa na maji mabaya kwa muda. Imeniuma.

Bwawa likiwa tupu nimeona tope nililokuwa nafuga: sentimita 6 kwenye kona ya mashariki, jeusi, linanuka mayai viza. Yote yaliyokuwa yakishuka pale hayakuwa na pa kwenda.

Kisha tundu. Tumechimba nje ya ukuta kwenda chini sentimita 70, fundi akaanza na tindo na nyundo, kwa nje na kwa ndani, tukutane katikati. Bomba ni la inchi 4. Zege la ukuta ni sentimita 15, lina nondo moja tuliyoikata kwa msumeno wa chuma. Saa tatu na nusu za kazi.

Kuziba pembeni ya bomba ndiko kulikonisumbua usingizi wiki nzima, kwa sababu plastiki na sementi havishikani. Plasta inaonekana imekaa vizuri, ikikauka inaachia ufa mwembamba kama unywele, na maji yanaupata. Fundi ana njia yake, nami nimeipenda. Amekwaruza bomba kwa msasa wa nambari ndogo sehemu itakayokaa ndani ya ukuta. Akapaka gundi ya bomba kwa wingi, na kabla haijakauka akaliviringisha kwenye mchanga mkali uliochekechwa. Akarudia mara ya pili. Baada ya robo saa bomba lilikuwa limevaa ganda la mchanga, ukilikuna kwa kucha halitoki. Hapo ndipo sementi inapata pa kushika. Tumejaza tundu kwa sementi yenye dawa ya kuzuia maji, tumeishindilia kwa mti kutoka pande zote mbili, na kwa ndani tumezungushia kilima kidogo cha plasta.

"Usiimwagie maji mengi leo, mwalimu. Ifunike kwa gunia bichi, kesho asubuhi na jioni unairowanisha."

Sakafu nayo imepigwa upya kwa mteremko wa sentimita 5 kuelekea kwenye tundu. Mbele ya tundu tumeacha kibakuli, na bomba litaishia na elbo inayotazama chini, sentimita 3 juu ya sakafu. Samaki wangu hawapiti hapo, uchafu unapita.

Jumamosi, 28 Juni

Mapipa matatu ya bluu ya lita 200, yaliyokuwa ya sabuni ya maji. Nimeyaosha hadi povu limekwisha kabisa, kisha nikayaacha na maji siku nzima na kunusa. Mtu asinunue pipa ambalo hajui lilibeba nini.

Mpangilio ni huu. Maji yanatoka chini ya bwawa kwa bomba la inchi 4 hadi pipa la kwanza, yanaingia kwa pembeni ili yazunguke polepole na uzito wote ushuke kitakoni. Yanapita kwenda pipa la pili, lenye neti ya kivuli iliyokunjwakunjwa, ile wanayofunikia vitalu vya miche. La tatu ni la bakteria. Pampu inavuta kutoka la tatu na kurudisha bwawani. Mapipa na bwawa vina usawa mmoja wa maji, hakuna kinachopandishwa isipokuwa mwisho.

Usawa huo ndio kila kitu, kwa hiyo tumetumia mpira wa levo: mrija mwangavu wa mita 10, maji ndani, kijana ameshika ncha kwenye alama ya bwawa, fundi ameshika ncha nyingine kwenye pipa. Maji hayadanganyi hata milimita. Mapipa tumeyazamisha ardhini sentimita 25 ili midomo yake ibaki sentimita 13 juu ya usawa wa bwawa. Umeme ukikatika, maji yatatulia mahali pamoja kote na hakuna kitakachomwagika.

Na kwa kuwa bwawa limeinuka, pampu imekaa juu ya ardhi, kwenye tofali mbili, na bado iko chini ya maji kwa sentimita 45. Nilikuwa nimechora shimo la pampu. Baba watoto alitazama mchoro akauliza, "Na masika?" Masika hapa chini ya Uluguru shimo lolote linajaa. Nimelifuta shimo kwenye mchoro.

Kuunganisha pipa na pipa: gundi ya PVC haishiki pipa hizi, ni plastiki ya aina nyingine. Tumetumia tanki konekta za inchi 1 zenye mpira, viungio vya kupitisha maji ukutani mwa pipa, ndizo zilizopo madukani mjini. Bomba la kurudisha fundi amelifunga la inchi 1, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo na ndilo analofunga siku zote.

Bwawa limejazwa jioni. pH, kipimo cha asidi na alikali ya maji, imepanda hadi rangi ya mwisho kwenye chati. Ni chokaa ya sementi mpya. Maji haya yatakaa siku tatu, yatamwagwa, nitajaza tena.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Sikukuu, watu wote nyumbani, tumewasha saa nne asubuhi.

Dakika ya kwanza maji yalitoka kwa kishindo, watoto wakashangilia. Dakika ya tatu yakaanza kutoka kwa kukohoa: maji, hewa, maji, hewa. Pampu ikabadilisha sauti, ikawa kama mtu anachekecha kokoto ndani ya debe. Nimezima.

Tumewasha tena na kupima. Ndoo ya lita 20 chini ya bomba, kijana na saa ya simu. Sekunde 31. Mara ya pili 29, ya tatu 34. Nikichukua 31, ni lita 2,300 kwa saa. Chini hata ya pampu ndogo ya zamani.

Fundi kwa simu amesema pampu ni dhaifu, turudi kwenye nusu farasi. Mjomba aliyekuja kula sikukuu naye amesema hivyo hivyo. Nimekaa kando ya pipa la tatu na kikombe cha chai, pampu ikiwa imewashwa, nikatazama maji tu. Usawa wake ulikuwa unashuka. Ulishuka sentimita 21 kutoka kwenye alama, ukasimama hapo, na juu ya mdomo wa bomba la pampu kukatokea kisulisuli, kimfereji chembamba cha hewa kinachojipinda kutoka juu ya maji hadi ndani ya bomba. Nilipoziba juu yake kwa kipande cha ubao kinachoelea, sauti ya kokoto ilinyamaza palepale. Nilipoondoa ubao, ikarudi.

Kwa hiyo pampu haina udhaifu. Ina njaa. Inataka maji mengi kuliko yanayoweza kupita kwenye vile vitundu vya inchi 1 kati ya pipa na pipa, na tofauti hiyo inaonekana kama kina kinachopotea. Kila maji yanapoingia kwenye tundu finyu na kutoka yanalipa sentimita kadhaa za usawa, na hapa yanalipa mara mbili kabla ya kufika kwenye pampu. Bomba la pampu lilikuwa sentimita 30 tu chini ya maji. Ukitoa 21 zinabaki 9.

Jumanne, 8 Julai

Nimetafuta pia kama kuna hewa inayoingia kwenye maungio. Upande wa kabla ya pampu, ungio bovu linaweza lisidondoshe hata tone, kwa sababu linavuta badala ya kuvuja. Nimepaka povu zito la sabuni kwenye kila ungio, pampu ikiwa inafanya kazi. Kwenye yunioni, lile ungio la kufungulika, iliyo mbele ya pampu povu limetoboka katikati na kutobokea ndani, polepole, kama shimo la sisimizi. Nimefungua: pete ya mpira ilikuwa imekaa upande. Nimeisafisha, nimeipaka mafuta kidogo ya silikoni, nimekaza kwa mkono tu. Nimerudia povu. Limetulia.

Jumamosi, 12 Julai

Tumebomoa kazi yetu wenyewe. Kati ya mapipa sasa kuna inchi 4. Tanki konekta za ukubwa huo hatukupata, kwa hiyo fundi amekata flenji, pete bapa za kukazia bomba, boliti sita za chuma kisichoshika kutu kila moja, na pete mbili za mpira alizokata kwenye tyubu ya gari, moja ndani ya pipa na moja nje. Boliti zinakazwa kwa kuvuka, huku kidogo na ng'ambo kidogo, la sivyo mpira unajikunja.

Tumewasha. Pipa la tatu limeshuka sentimita 2 tu. Hakuna kisulisuli, hakuna kokoto. Ndoo: sekunde 16. Lita 4,500 kwa saa.

Fundi alitabasamu, akaanza kukusanya vyombo. Nikamwambia, "Bado, mwanangu. Tuangalie na hili la kurudisha."

"Lakini mwalimu, maji si yanatoka kwa nguvu? Tazama yanavyoruka."

Ndiyo, yanaruka. Ndiyo shida yenyewe. Maji yakibanwa yanakwenda mbio, na kwenye bomba la inchi 1 haya yalikuwa yanakwenda mita 2 na nusu kwa sekunde. Nguvu ya pampu inaishia kwenye kusugua kuta za bomba na kugonga elbo tano. Nimemwandikia hesabu kwenye mfuko wa sementi: ukipanua bomba mara mbili, kwa kiasi kile kile cha maji, msuguano unashuka karibu mara 30. Hakuamini mara 30. Nami sikumlaumu, kwa jicho bomba la inchi 2 ni kubwa mara mbili tu.

Tumebadilisha. Inchi 2 kutoka pampu hadi bwawani, mita 6, na pale palipokuwa na elbo za kona kali tumeweka mbili mbili za nyuzi 45. Nimekataa pia ile valvu ya kuzuia maji kurudi aliyotaka kuifunga. Kwa pampu inayovuta kutoka kisimani ni lazima iwepo. Hapa usawa ni mmoja, hakuna pa kurudi, na kila valvu unayoweka bila sababu inakula maji.

Ndoo: sekunde 9. Tumerudia mara nne, kwa kuwa ndoo inajaa kabla mtu hajaweka sawa kidole kwenye simu. Tisa, tisa, nane na nusu, tisa. Lita 8,000 kwa saa. Bwawa zima linapita kwenye mapipa kwa saa moja na nusu.

Maji sasa hayaruki. Yanatoka mazito, bomba limejaa hadi mdomoni, yanaanguka kwa sauti nene. Fundi aliweka mkono chini yake akakaa kimya kidogo, kisha akaomba ule mfuko wa sementi niliouandikia. Ameukunja akautia mfukoni.

Jumanne, 15 Julai

Umeme. Fundi umeme ameweka breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, athi yake imepimwa, na waya wote umepita kwenye bomba lake. Pale mtu ataingiza mkono majini kila siku, sitaki mzaha na hili.

Pia swichi ya kuelea, ile ile ya matanki ya juu, ndani ya pipa la tatu. Hofu yangu moja kubwa ilikuwa hii: bomba la kurudisha likipasuka usiku, pampu itamwaga bwawa zima uani na asubuhi nitakuta samaki wamelala sakafuni. Sasa maji yakishuka sentimita 15, swichi inazima. Tumejaribu kwa kufungua yunioni makusudi. Imezima. Uwanja umelowa, migomba imefurahi.

Jumamosi, 19 Julai

Samaki wamerudi. pH imekaa 8 baada ya kumwaga maji mara tatu. Tancho alizunguka ukuta mzima mara moja, akaenda moja kwa moja chini ya maji yanayoanguka na kukaa hapo, kichwa kikielekea mkondo.

Pipa la tatu lina vizibo vya chupa za maji, maelfu. Watoto wa mtaa wameniletea kwa mifuko, nami nimewalipa kwa penseli na madaftari. Tumevitoboa kwa msumari wa moto, tumevijaza kwenye magunia ya nyavu ya vitunguu, jiwe ndani ya kila gunia kwa kuwa vizibo vinaelea. Kazi yao ni kuwa makazi tu: bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wanahitaji uso mgumu wa kushikamana ambao maji yenye hewa yanaupitia. Nimeweka pia ile sponji chafu ya pampu ya zamani kama mbegu.

Jumamosi, 2 Agosti

Amonia ilipanda wiki ya kwanza, sasa inashuka, na nitriti imeanza kupanda. Ndivyo inavyokwenda, kundi la kwanza la bakteria linageuza amonia kuwa nitriti, la pili linaigeuza nitriti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa, na hili la pili ni la polepole. Nitriti inaharibu damu ya samaki isibebe oksijeni. Nimeweka chumvi kilo 12, gramu moja kwa lita, nimeiyeyusha kwenye ndoo na kuimwaga kidogo kidogo siku mbili, kwa sababu chumvi inaizuia nitriti isipite kwenye matamvua. Chakula nimekipunguza hadi kiganja kimoja kwa siku. Wananifuata ukutani wakidai. Nimejikaza.

Jumatano, 6 Agosti

Umeme umekatika saa tatu usiku. Nimetoka na tochi: maji yametulia kote kwenye alama moja, kimashine cha hewa cha betri kinapiga mapovu. Umerudi saa tisa. Nilikuwa macho, dirisha wazi, nikasikia pampu ikianza yenyewe na lile anguko la maji, bila kukohoa.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Baba amekuja kutoka Ifakara kwa ajili ya maonyesho, akafikia hapa. Alipinda mgongo juu ya ukuta akawatazama muda mrefu. Yeye amelima mpunga maisha yake yote, na kambale wa kwenye majaruba ndio waliotulisha utotoni. Nikamweleza kuwa hawa nao walitoka kwa wakulima wa mpunga, kwenye milima yenye theluji ya Niigata kule Japani. Walifuga samaki kwa ajili ya kitoweo cha majira ya baridi, mmoja mmoja akazaliwa na rangi, wakawatenga wakawazalisha, hadi mwaka 1914 wakawapeleka Tokyo kwenye maonyesho.

"Kumbe na wao waliwapeleka maonyesho," akasema Baba.

Akauliza maji machafu yanakwenda wapi. Nimemwonyesha valvu ya inchi 2 chini ya pipa la kwanza. Nimeifungua sekunde kumi, maji yametoka meusi, kisha ya kahawia, kisha safi, yote yameingia kwenye mfereji wa migomba na mchicha. Amechukua kidogo kwa vidole, amekisugua, amenusa.

"Hii ni mbolea, mwanangu. Usiimwage ovyo."

Jumamosi, 30 Agosti

Amonia sifuri. Nitriti sifuri, wiki nzima sasa. Ndoo: sekunde 9 na nusu. Nimesuuza neti ya pipa la pili kwa maji ya bwawa lenyewe, siyo ya bomba, nikapima tena: 9.

Sasa naona sakafu. Naona kibakuli, elbo, hata alama ya mwiko wa fundi kwenye plasta.

Kazi zilizobaki: kibanda cha bati juu ya pampu kabla ya vuli, na geji ndogo ya kuchora usawa kwenye pipa la tatu ili yeyote nyumbani aone neti imeanza kuziba. Alama ya kijani kwenye sentimita 3, nyekundu kwenye 8. Kijana ameshakata ubao.